Kiti Katika Nyumba Isiyoliliwa

Alipopita na kiti chake kichwani, avenyu yetu yote ilinyamaza. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala kwenye mikeka waliinua vichwa na kusahau samaki mikononi. Waliokuwa wakigombana kwenye bomba la maji waliacha maneno yao katikati. Hakuna aliyethubutu kumsalimu kwanza, kwa maana salamu ingeweza kumsimamisha, na mahali aliposimama ndipo alipokishusha kiti, na ua uliowekewa kile kiti ulijulikana kabla ya jioni, toka ufukweni hadi kituo cha treni, kuwa ua wa kijana aliyejiua.

Tulimwita Mama wa Ankete. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, wala sitalitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda litajwe pamoja na kazi ile. Ankete kwetu ni uchunguzi wa serikali, ule unaoanza kwa maswali na kuishia kabatini. Alikuwa mtumishi wa biro ya Mambo ya Jamii, mwanamke mnene, mfupi, mwenye mtandio mweusi na miguu iliyovimba kila ilipofika alasiri. Kwa miaka mingi ua wake na wangu ulitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi ambao kila masika ulipungua kimo. Mimi nilikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na nilijihesabu kuwa mtu wa vitabu na wa msimamo. Yeye alinihesabu kuwa jirani mwenye sukari.

Ili aliye mbali anielewe, hana budi kujua jinsi tunavyowalilia wafu wetu. Mtu akifa hapa Kalemie, mji wetu wa ziwani, kitu cha kwanza kuonekana si jeneza, ni viti. Kila nyumba jirani hutoa chake, chenye alama ya rangi chini ya kikalio ili kisipotee, nacho hupelekwa kichwani hadi ua wa msiba. Viti vikijaa, moto huwashwa, chai hupikwa, na wenye msiba hawaachwi peke yao hadi kilio kiinuliwe. Lakini aliyejitoa uhai mwenyewe hakuletewa viti. Alizikwa upesi, bila wimbo. Mama yake aliambiwa ameze machozi, kwa sababu ilisemwa kwamba sauti ya kilio kile humwita mwingine kutoka nyumba ileile. Jina lake liliachwa. Wengine walibomoa hata chumba alicholala. Ni rahisi kwa msomi kuicheka desturi ya namna hii, mimi siicheki. Ni hofu, na iliyoizaa ni shauku ya kuwalinda watoto waliobaki. Ila hofu hiyo ilimwacha mama wa marehemu peke yake uani, na watoto hao hao waliobaki wakiwa naye, wakijifunza jinsi dunia inavyoweza kumgeuzia mtu mgongo.

Kisha ikaja miaka ya vita, vita vya kule ndani, baina ya majirani waliokuwa wameoana na kuuziana mihogo. Watu wakaja kwa miguu kutoka upande wa Kabalo na kwingineko, wakajenga vibanda vya majani huko Katanika, pembeni mwa mji, kibanda kikigusa kibanda. Shuleni kwangu nilipokea vijana waliokaa wima, walionyoosha mikono waliposikia majina yao, kisha wakatazama dirishani hadi kengele ya mwisho. Na minong'ono ikaanza. Kijana wa Katanika. Msichana wa karibu na bandari. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya ng'ambo ya mto. Kila jina lilinong'onwa mara moja tu, likafukiwa.

Sitaki kuidhulumu serikali ya jimbo. Tumezoea kuilaumu kwa kila shimo la barabarani, na mara nyingi inastahili. Lakini safari ile iliogopa kama tulivyoogopa sisi, na kwa kuogopa ikataka kujua. Komisyo, yaani tume, ikaundwa, nami nikaitwa. Tulikaa katika ukumbi wenye feni isiyozunguka. Mgeni kutoka Kinshasa akasema vijana wamekosa nidhamu. Mchungaji akasema ni pepo. Mimi nikasema, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba kizazi hiki hakikufundishwa kuvumilia. Tulikuwa tunaelekea kukubaliana sote wakati Mama wa Ankete, aliyekuwa amekaa karibu na mlango ili anyooshe miguu, alipoinua mkono.

"Kuna muntu hapa alishaongea na mama moja wa hao batoto?"

Wajumbe wakaitazama feni.

"Basi tunaongea juu ya nani?"

Mwenyekiti akamwambia kwamba kazi hiyo itakuwa yake. Akapewa pikipiki, jile, yaani kizibao, la buluu lenye maandishi ya serikali mgongoni, na swali moja la kuzungusha nyumba kwa nyumba: kwa nini?

Swali hilo lilifia mlangoni. Pikipiki ilisikika toka mbali, na jile lilionekana toka mbali zaidi, na katika mji ambao sare yoyote ile ilikuwa imewahi kumchukua kijana wa mtu, milango ilifungwa. Penye mlango wazi, jibu lilikuwa moja tu. Namkumbuka akiwa amekaa juu ya ndoo uani kwangu, akiigiza sauti mbili, akicheka kicheko cha mtu aliyekasirika.

"'Mutoto alikuwa na nini, Mama?' 'Malaria.' 'Na kaka yake wa mwaka jana?' 'Malaria.' Papa Prefe, huyu mbu wa Kalemie anachagua bijana tu! Siye bazee damu yetu ni chungu?"

"Jambo hili si la kucheka," nilimwambia.

"Nisipocheka nitafanya nini? Leta sukari."

Pikipiki aliirudisha. Jile likawa la kumsitiri kuku wake aliyelalia mayai. Na siku iliyofuata alitoa barazani kwake kiti cha mbao kilichofumwa kwa kamba za kijani za nyavu, akakiweka kichwani, akatembea hadi nyumba moja karibu na bandari ambako mwana wa mvuvi alikuwa amezikwa jana yake bila wimbo. Akaingia uani, akakishusha, akakaa. Alifanya kile ambacho jirani yeyote hufanya katika msiba wowote. Hapakuwa na zaidi, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa tayari kukifanya.

Mvuvi akatoka na kasia mkononi.

"Nani alikuita?"

"Hakuna."

"Hapa hapana kilio. Ondoka."

"Papa, siwezi. Serikali imeniamuru nikae. Nikiondoka watakata mushahara yangu."

Serikali haikumwamuru jambo la namna hiyo, na mshahara wake ulikuwa haujaonekana kwa muda mrefu kiasi kwamba hapakuwa na cha kukata. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini mvuvi alishusha kasia. Mtu yule asingekubali huruma ya yeyote siku ile. Amri aliikubali, kwa kuwa alikuwa ameishi chini ya amri za kila namna na kila bendera. Akarudi ndani. Baadaye mke wake akatoka, akaketi chini karibu na miguu ya kiti kile, akaanza kulia, kwanza kwa kuziba mdomo, kisha kwa sauti.

Nilipolisikia jambo hilo nilimkemea. Siwezi kuusifu uongo, hata unapotembea na tendo jema.

"Uongo ni uongo," nilimwambia juu ya ukuta, "hata ukiwa na muhuri."

"Ndiyo, Papa Prefe. Mungu ataniuliza. Nitamwambia: muulize kwanza Prefe, siku ile alikuwa wapi."

Jibu hilo silipendi hadi leo.

Na uongo wake ukazaa. Shefu wa avenyu yetu, mwembamba, mwenye filimbi shingoni, mtu aliyeogopa wakubwa kuliko alivyoogopa radi, alipata habari kwamba kumetoka sheria ya kukaa katika nyumba za msiba wa namna ile. Hakuuliza imetoka wapi. Msiba uliofuata alipita mlango kwa mlango akipiga filimbi.

"Kila nyumba kiti kimoja! Sheria imetoka juu! Asiyeleta ni amande, atalipa!"

"Amande ya nini, Shefu? Mutoto yule alijitakia!"

"Mi sijui alijitakia ao hakujitakia. Leta kiti. Ukitaka kubishana, enda ubishane na Guvernere."

Watu wakaleta viti wakinung'unika. Waliviweka mbali na ukuta wa nyumba ile, wakakaa wamegeuka upande, kama abiria wasiopenda jirani yao. Nami nilipeleka changu. Lakini walikaa, na mama wa marehemu aliwaona wamekaa. Hofu ya faini ilikuwa imeishinda, kwa jioni moja, hofu ya mauti.

Mkubwa wa biro alimwita Mama wa Ankete mbele ya meza yake. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, akimwaga chai yangu kwa kucheka.

"'Sheria gani hii? Nani alitia sahihi?' Nikamwambia: 'Hakuna, Mukubwa. Lakini batu banaitii. Zile ulitia sahihi, unajua mwenyewe.'"

"Akasemaje?"

"Akaangalia mulango. Kisha akasema nifunge mulango, na neno hilo lisitoke."

Hivyo sheria ambayo haikuandikwa na mtu ikaendelea kutawala Kalemie, wakati nyingi zilizoandikwa zilikuwa zikiliwa na mchwa.

Alikuwa mtu mwenye mapungufu mengi, na sitayaficha, kwa kuwa picha ya mtu isiyo na kasoro ni ya mtu asiyekuwapo. Aligombana bombani kwa ajili ya zamu. Alisema watu. Aliliogopa Ziwa Tanganyika tangu siku nisiyoijua. Hakupanda mtumbwi wala meli hata mara moja, na ndugu zake wa Kigoma walikuwa wamekata tamaa ya kumwona. Siku ambazo radi ilipiga alijifungia ndani na kusoma dua kwa sauti iliyovuka ukuta. Nilimwona akimpiga kofi mwanawe mwenyewe, mtu mzima, mbele ya wageni, kwa sababu ya sufuria. Alikwenda mji mzima akiwaambia wazazi wasikilize, na nyumbani kwake hakumwacha mtu amalize sentensi.

Lakini akishakaa kwenye kile kiti alibadilika. Hakuuliza mtoto alikufaje. Swali ambalo serikali ilimtuma nalo hakulitoa kabisa. Aliuliza kama mama amekula. Aliuliza nani atalala naye leo. Na halafu, akitazama uani kwa macho ya mtu anayetafuta kuku wake wakati wa jioni, aliuliza: "Na hawa bengine wako wapi?" Hakuondoka hadi awaone kwa macho ndugu wa marehemu, mmoja mmoja, na rafiki zake pia, wale waliosimama nje ya ua bila kujua kama wanaruhusiwa kuingia.

Na kwa kuwa hakuuliza, aliambiwa. Miezi ilipopita alirudi mbele ya komisyo na kutueleza yale tuliyokuwa tumeyaagiza kwa pikipiki tukayakosa. Alisema hapakuwa na sababu moja katika nyumba yoyote ile. Kulikuwa na aibu juu ya hasara, na kukosa usingizi juu ya aibu, na neno kali siku ambayo hapakuwa na nafasi tena ya neno kali. Kisha akasema jambo lililonifanya nishike meza.

"Walisema. Wote walisema mbele, kabla hawajafa, kwamba watakufa. Walisema kwa muntu fulani, wakicheka, kama muchezo. Na ule muntu naye akacheka."

Aliomba mambo machache. Aliomba hospitali iwe na muuguzi aliyefundishwa mambo ya akili, na mlango wake uwe wazi kwa vijana bila kuulizwa barua ya mtu. Hilo lilitimizwa. Aliomba walimu wasimwadhibu mwanafunzi atakayesema maneno ya kufa, bali waketi naye. Hilo lilisomwa kwenye mkutano, na kila mkuu wa shule akalipokea kwa namna ya moyo wake. Aliomba wanaouza dawa za mashamba sokoni wasimwuzie kijana aliyekuja peke yake. Walikubali wote isipokuwa mmoja, aliyemwambia kwamba biashara haina umri. Mama wa Ankete hakubishana naye. Alikuja na kiti, akakiweka mbele ya meza yake, akakaa, akifuta miguu kwa maji. Wateja wakafika, wakakiona kiti, wakageuka. Kesho yake vilevile. Yule mfanyabiashara alikubali kabla sokoni hawajaanza kuuliza nani amekufa kwake.

Kulikuwa na neno lake moja ambalo mji ulilijua. Kila alikowahi kuweka kiti, alikumbuka waliobaki, na akikutana na mzazi njiani, hakusema habari gani, wala asubuhi njema. Aliuliza: "Yuko?" Naye mzazi, akijua anaulizwa nani, alijibu: "Yuko, Mama." Hapo tu ndipo salamu zilipoanza.

Sasa nifike kwenye kile alichokiogopa, maana aliogopa kuliko sisi sote. Baba mmoja, mtu wa kanisa na wa heshima, alimsimamisha barabarani mbele yangu.

"Mama, unafundisha batoto kufa. Zamani aliyejiua alitupwa, na kijana alijua atatupwa. Leo anaona viti, anaona chai, anaona mama ya muntu analia. Wewe unawapa sababu!"

Nilingoja amjibu kwa ukali aliokuwa nao kwa kila mtu. Alimpita kando. Tulipofika ukutani kwetu alikiweka kiti chini na kukishikilia kama mtu anayesikia kizunguzungu.

"Papa Prefe, na miye naogopa ile ile. Usiku nafikiri: kama ni kweli je? Kama mumoja alikiona hiki kiti, akasema kumbe njo vizuri?"

"Basi acha," nilisema.

"Nikiacha, wale ndugu zake nani atawaona?"

Nilikuwa na vitabu vingi nyumbani. Niliingia ndani nikavitazama migongo.

Wakati huo kwangu alikuwa akiishi Feza, mtoto wa dada yangu. Dada yangu na mume wake walikufa njiani wakikimbia kutoka kule ndani. Feza alifika Kalemie akiwa na rafiki mmoja wa umri wake na sufuria moja waliyobebana kwa zamu. Rafiki alikwenda kwa shangazi yake Katanika. Feza alikuja kwetu. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliamka mapema, alifagia, alijibu "ndiyo, Mujomba" kwa kila jambo. Nyumba nzima tulimsifu kwa utulivu wake. Mke wangu peke yake alisema kwamba mtoto asiyewahi kukataa kitu anamtisha.

Kisha yule rafiki akafa, kwa namna ile. Shangazi yake alikibomoa kibanda alicholala, na wakimbizi wenzake, waliokuwa na misiba yao ya kutosha, walihamisha macho. Feza aliomba ruhusa aende Katanika. Ilikuwa Jumapili. Nilimpa ruhusa, nikakaa barazani kusahihisha insha za wanafunzi.

Alasiri hiyo nilisikia kimya kikija. Sijui kulieleza jambo hili vizuri zaidi. Kwanza sauti za bombani ziliacha. Halafu redio ya jirani wa tatu ikapunguzwa. Halafu watoto wakapita mbio kuelekea makwao. Mke wangu alikuwa akitwanga mihogo, naye akaacha mchi hewani. Kimya kikatembea kando ya ukuta wetu, kikafika langoni, na lango likasukumwa.

Mama wa Ankete akaingia na kiti kichwani. Akakishusha katikati ya ua wangu.

Mchi ukaanguka. "Nani?" mke wangu akapiga kelele. "Nani kwetu? Mama, sema! Nani?"

Nilijua nani. Katika nyumba yangu alikuwapo mmoja tu ambaye sikuwa nimemwona tangu asubuhi. Nilitaka kuuliza, na ulimi wangu, ambao umewahutubia vijana kwa nusu ya maisha yangu, ulikuwa kipande cha mti. Yule mama alikuwa amevuka mji mzima kwa miguu. Alihema, akaweka mkono kifuani, akanyoosha mwingine nyuma yake kuelekea langoni.

Pale langoni alisimama Feza, ameshika kandambili zake mkononi, mzima.

"Hajakufa muntu," Mama wa Ankete akasema alipopata pumzi. "Leo nimekuja mbele, si nyuma ya kifo. Feza, ingia. Sema ile uliniambia kule."

"Nilikuwa nacheka tu, Mama."

"Basi cheka tena. Wasikie."

Feza akatazama chini. Ikawa lazima yule mama aseme mwenyewe. Alikuwa amekaa peke yake Katanika, karibu na majani ya kibanda kilichobomolewa, Feza akaja akaketi chini karibu naye, akakaa muda mrefu, kisha akauliza akitabasamu: "Na miye nikifa vile, utaniletea kiti?" Aliinuka, akakitia kiti kichwani, akamshika mkono, wakatembea.

Hotuba ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Namshukuru Mungu kwamba aliyekuwapo pale aliijua sura yangu.

"Papa Prefe, leo hapana leso ya darasani. Lete kiti yako, ukae."

Nikaleta kiti. Mke wangu akaleta chake. Tulikuwa tumekaa hivyo, watatu, na binti amesimama mbele yetu, filimbi iliposikika nje. Shefu wa avenyu alikuwa ameona kiti cha kijani kikiingia kwangu, na sheria ni sheria. Aliingia langoni na kiti chake kichwani, uso umejaa msiba, na nyuma yake jirani wa bombani, na yule wa redio, na wengine, kila mmoja na chake, wakivipanga uani kwa heshima, wakiinamisha vichwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kabla ya kuketi. Kisha Shefu akamwona Feza.

"Heee! Huyu si njo...? Sasa tunamulilia nani?"

Watu wakasimama nusu. Aibu ilianza kuwaka. Mmoja tayari alikuwa ameinua kiti chake. Mama wa Ankete akageuka na kuwaangalia, mmoja mmoja.

"Kaeni," akasema. "Sheria ni ile ile."

Wakakaa. Feza aliuzungusha uso wake polepole katika ua ule uliojaa. Alitafuta pa kukaa, na viti vyote vilikuwa na watu. Ndipo yule mama, kwa tabu kubwa, akajiinua, akakisogeza kile kiti cha kijani mbele yake.

"Chako kiko hapa. Batu wanasema nakiletea wafu. Wafu banakaaka? Hiki nawaletea wanaobaki. Kikalie, mwanangu."

Feza akakaa, na Mama wa Ankete akaketi chini kwenye vumbi, na miguu yake iliyovimba mbele yake. Msichana yule, ambaye tangu aje kwetu hatukuwa tumemsikia akilia hata kwa ajili ya mama yake, alilia hadi giza likaanza kuingia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sitadai kwamba jambo liliishia pale. Mama wa Ankete alimpeleka Feza kwa yule muuguzi wa hospitali, juma baada ya juma, akimngoja nje kwenye ukingo wa veranda. Mke wangu alihamishia mkeka wake chumbani mwa Feza. Mimi nilijifunza kuuliza swali na kisha kungoja jibu, kazi ngumu kwa mtu wa umri wangu na cheo changu. Kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo nilisimama nje ya mlango wake, nikisikiliza kama kuna mtu anayepumua. Na kile kiti hakikuondoka. Siku ile ya kwanza Mama wa Ankete aliinuka akatoka mikono mitupu, akisema Feza atamrudishia mwenyewe, akipenda, siku atakayokuwa hakihitaji. Akatafuta kingine.

Nilimwona mara ya mwisho si zamani sana, sokoni. Kazi alikuwa ameiacha, au miguu ilikuwa imemwachisha. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa, amekonda, mtandio umemlegea, na alichukua muda kunitambua. Vita vilikuwa vimepungua kuwa habari za mbali, na Katanika palikuwa na watoto waliozaliwa palepale. Nilikuwa na maneno ya heshima niliyoyatunza kwa ajili yake. Hakunipa nafasi.

"Yuko?"

"Yuko, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. "Kiti yangu sijaletewa."

"Nitamwambia."

"Hapana. Umwambie asiharakishe." Kisha akafumbua macho, na yalikuwa makali kama zamani. "Umemwona leo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimetoka nyumbani mapema, na mlango wake ulikuwa bado umefungwa, na mke wangu alikuwa ameshakwenda misa. Nilikuwa nimejibu kwa mazoea. Mama wa Ankete alinitazama, nami nilimuaga vibaya, nikapita katikati ya wauza ndagala na mafuta ya mawese nikiwagonga watu mabega, mtu mzima mwenye mvi na mkoba wa ngozi, na kadiri nilivyokaribia ndivyo avenyu ilivyoonekana kwangu kuwa kimya mno.

Lango lilikuwa wazi. Uani, juani, kiti cha kijani kilikuwa kitupu.

"Feza!"

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu.

"Feza!"

"Aaa, Mujomba, makelele ya nini?" Akatokea nyuma ya jiko, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, uso umekunjamana kwa hasira ya mtu aliyekatizwa kazi. "Kuku wote wamekimbia. Na chumvi iko wapi? Jana usiku nilikuandikia mulangoni: chumvi. Umesahau tena?"

Niliketi kwenye kile kiti, nikamwambia kwamba ndiyo, nimesahau.